Nyota Tano na Aliyebeba Hema

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukikaa Moshi mjini siku mbili tu utaanza kuitilia shaka methali hiyo. Hapa kila kitu kinajitembeza, kizuri kwa kibaya. Mgeni akishuka stendi, kabla hajavuka barabara ameshaonyeshwa picha za Kibo, bei ya siku sita kwa njia ya Machame, kadi ya kampuni, na mwisho simu yenye maoni ya wageni waliopanda mwezi uliopita. Hiyo simu ndiyo inayonivutia. Kijana anayemfuata mgeni hasemi tena "sisi ni wazuri." Anasema, "Usiniamini mimi, soma mwenyewe," kisha anamkabidhi.

Nimekulia hapa, na riziki yangu inatoka kwenye simu ya namna hiyo. Naandikia kampuni za utalii maneno ya tovuti, najibu barua pepe za wageni, na mgeni akisharudi kwao namwandikia kumwomba aeleze safari ilikuwaje. Somo la kwanza unalopewa katika kazi hii ni fupi: usijisifu, tafuta wa kukusifia. Sentensi moja ya mwalimu mstaafu aliyefika kilele cha Uhuru inauza kuliko kurasa kumi nitakazoandika mimi. Nimeona hivyo mara nyingi kiasi kwamba sina ubishi. Kwa hiyo sijiulizi kama njia hii inafanya kazi. Najiuliza kwa nini inafanya kazi, na ni wakati gani sifa ya mtu wa tatu inageuka kuwa udanganyifu hata kama kila neno lake ni la kweli.

Sababu ya juu juu tunaijua sote. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mwenye duka akisema unga wake ni mzuri, amesema kile ambacho angesema hata kama una wadudu. Jirani asiye na hisa katika duka hilo akisema hivyo hivyo, tunamsikiliza. Tunadhani tunamwamini kwa sababu hana faida.

Lakini tazama mila zetu wenyewe, utaona kuna zaidi ya hapo. Kijana akitaka kuoa haendi peke yake kujinadi ukweni. Anatumwa mshenga. Mshenga anaweza kusema "kijana wetu ni mchapakazi" bila kuona haya, na hilo ni nusu tu ya kazi yake. Nusu ya pili ni kwamba wazee wa upande wa pili wanaweza kumuuliza yale ambayo wasingemuuliza kijana usoni. Anakunywa? Ana mtoto mahali? Madeni je? Mshenga anabeba sifa akienda na maswali akirudi. Akificha jambo na ndoa ikaja kuvunjika, siku ya kikao ataitwa na yeye. Kwa hiyo mshenga si mtu asiye na maslahi hata kidogo. Kinachompa uzito ni kwamba anaweza kuulizwa, na anaweza kujibu vibaya.

Karne moja iliyopita, watu wa mahusiano ya umma huko Marekani walichukua nusu ya kwanza ya kazi ya mshenga na kuiacha ya pili. Edward Bernays, mpwa wa Sigmund Freud, alipewa kazi na kampuni ya Beech-Nut iliyotaka kuuza nyama ya nguruwe ya kukaanga. Hakutoa tangazo la kuisifu nyama hiyo. Kwa maelezo yake mwenyewe, alimwomba daktari awaandikie madaktari wenzake kuuliza kama kifungua kinywa kizito ni bora kwa afya kuliko chepesi. Wapatao 4,500 wakajibu kwamba ndiyo, kizito ni bora. Magazeti yakaandika kuwa madaktari wanashauri watu wale vizuri asubuhi, na pembeni ya habari hiyo kukawa na mayai na nyama ya nguruwe. Hakuna daktari aliyetaja Beech-Nut. Mauzo yalipanda.

Mwaka 1930 sigara za Lucky Strike zilitangazwa kwa kusema kwamba madaktari 20,679 wanaona haziwashi koo kama nyingine. Idadi hiyo ilitokana na madaktari kutumiwa katoni za sigara hizo pamoja na swali lililoulizwa kwa namna ya kumwelekeza mjibuji kwenye jibu moja. Huenda wengi wao walijibu kwa nia njema. Walichoulizwa ni koo. Hawakuulizwa mapafu.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha jambo. Sifa ya mtu wa tatu ina thamani kwa kiasi kile kile ambacho lawama yake ingeruhusiwa. Kama asingeweza kusema hapana, au angesema na hapana yake isisikike, basi ndiyo yake haituambii kitu, hata akiwa mtu mwaminifu kuliko wote. Tunapenda kumpima shahidi kwa kuuliza anapata nini. Mimi naona tumpime kwanza kwa kuuliza: angeona kinyume, tungejua?

Mlima wetu wenyewe uliwahi kuhitaji mtu wa tatu, na kisa chake kinafaa kupimwa kwa swali hilo. Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, alikuwa safarini kutoka Rabai, karibu na Mombasa, kuja Uchagani. Akaona kitu cheupe juu ya mlima. Alipomuuliza kiongozi wake ni nini, alijibiwa kwa neno moja: baridi. Habari hiyo ilichapishwa Uingereza mwaka 1849, na haikupokelewa. William Desborough Cooley, mwanajiografia wa London ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, aliona ni upuuzi kudai kuna theluji ya kudumu karibu na Ikweta, na mwaka 1852 aliendeleza hoja zake kitabuni. Kwake Rebmann alikuwa mtu wa dini mwenye macho mabovu na hamu ya kusimulia makubwa.

Ubishi ulianza kwisha pale mtu mwingine alipokuja kutazama. Mwaka 1861 Baron Karl Klaus von der Decken alifika mlimani akiwa na Richard Thornton, mwanajiolojia Mwingereza. Mwaka 1862 akarudi na Otto Kersten, wakapanda kupita meta 4,000. Mwaka 1864 Royal Geographical Society ya London ikampa medali. Von der Decken hakuwa mwanachama wa misheni, na asingeaibika kama weupe ule ungekuwa chokaa tu. Angeweza kurudi na kusema Cooley ana haki. Kwa kuwa angeweza, ndiyo yake ilibeba uzito.

Mpaka hapo kanuni inafanya kazi vizuri. Lakini kuna watu ambao kisa hiki kimewaruka. Miaka yote ile ya ubishi, watu wa Machame, Kilema na Marangu walikuwa wanaamka kila asubuhi chini ya ile theluji. Rebmann mwenyewe aliandika alichosimuliwa: kwamba Rengua, mtawala wa Machame, aliwahi kutuma watu juu kuchunguza kile kilichong'aa kama fedha, na aliyerudi alirudi na mikono na miguu iliyoharibiwa na baridi. Hakuna shahidi aliyelipa gharama kubwa kuliko huyo. London ilipotafuta wa kuthibitisha, haikumfikiria. Yeye alikuwa sehemu ya hadithi, na mtu wa tatu ilibidi atoke mbali.

Tabia hiyo tunayo hadi leo. Tunachanganya kuwa mbali na kuwa mkweli. Aliye mbali tunamwona huru, na aliye karibu tunamwona ana lake jambo. Mara nyingi ni sawa. Lakini aliye mbali ana upungufu ambao hauonekani kwenye idadi ya nyota: haoni.

Chini ya mlima kuna ushahidi wa aina nyingine ambao naupenda zaidi. Babu yangu alikuwa na kihamba Kibosho, kahawa chini ya migomba kama ilivyokuwa kwa kila mtu. Wakulima wa mlima huu walianzisha chama chao cha kahawa, KNPA, mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Kahawa iliteremshwa Moshi kukobolewa, kupangwa madaraja na kuuzwa mnadani. Katikati ya safari hiyo kuna mtu anaitwa mwonjaji. Ana vikombe vimepangwa mezani, anavuta kahawa kwa kijiko kwa sauti ambayo nyumbani ungekatazwa, anaitema, anaandika. Anachokitazama ni kikombe. Sura ya babu haipo mezani, wala ada ya shule ya watoto wake.

Mwonjaji anaweza kuandika kwamba kahawa imechachuka kwa sababu ilikaa mno kwenye maji kabla ya kuanikwa. Nakumbuka maneno kama hayo yalivyokuwa yakiuma nyumbani. Babu alikuwa akinung'unika siku nzima, kisha msimu unaofuata anaamka alfajiri kuchungulia ndoo. Na mwaka ambao kahawa ilisifiwa, ile sifa ilikuwa na bei, kwa sababu mnunuzi alijua ulimi ule ule uliwahi kukataa. Sifa ya mwonjaji ilimnufaisha babu kwa kuwa mwonjaji hakuwa mtu wake.

Linganisha na sifa nyingine ya kahawa yetu. Nchini Japani, neno Kilimanjaro kwenye pakiti linatumika kwa kahawa ya arabika ya Tanzania kwa ujumla, isipokuwa ya Bukoba. Kahawa ya Mbinga au Mbozi inaweza kunyweka Tokyo kwa jina la mlima wetu. Siwalaumu wakulima wa kusini. Kahawa yao ni nzuri, na soko linataka jina linalojulikana. Lakini hapo mlima umefanywa shahidi wa kahawa ambayo haujawahi kuiona ikimea, na mlima hauwezi kusema hapana.

Kuna pia nembo za biashara ya haki. Mfumo huo ulianza Uholanzi mwaka 1988 kwa nembo ya Max Havelaar, na KNCU imeuza kahawa kwa njia hiyo tangu miaka ya 1990. Rafiki yangu mmoja hudharau nembo zote kwa hoja kwamba anayekaguliwa ndiye anayemlipa mkaguzi. Nadhani anakosea mahali. Mkaguzi wa hesabu naye hulipwa na kampuni anayoikagua, na daktari hulipwa na mgonjwa. Malipo peke yake hayamfanyi mtu kuwa mwongo. La kuuliza ni kama anaweza kukataa kusaini na kesho yake bado akawa na kazi.

Sasa turudi mlimani, kwa wale wanaobeba. Wenyewe wanajiita wagumu. Mgeni mmoja anaweza kuhitaji wapagazi watatu au zaidi, kwa sababu hema, chakula, gesi, meza, viti na hata choo cha kubebeka havipandi vyenyewe. Sheria ya hifadhi inaweka kikomo cha kilo 20 kwa mpagazi, na getini kuna mizani. Katika maoni ya wageni ninayosoma kila wiki kuna sentensi inayojirudia kwa lugha tofauti tofauti: kampuni hii inawatunza wapagazi wake vizuri, wote walionekana wenye furaha.

Siku zote najiuliza mgeni amejuaje. Alichoona ni wimbo wa asubuhi, makofi, na watu wanaompita mbio wakiwa na mizigo kichwani wakimwambia "pole pole." Yeye anakula kwenye hema la chakula, wao wanakula kwingine. Mizani ya getini anaiona mara moja, lakini haoni mizigo inavyogawanywa upya mtu mmoja akiugua siku ya pili. Malipo hufanyika mjini, wakati yeye yuko uwanja wa ndege. Mgeni ni shahidi mzuri sana wa uji wa asubuhi na wa kiongozi aliyemshika mkono usiku wa kilele. Kuhusu aliyebeba hema lake, ni shahidi wa nusu ya safari, na ile nusu iliyopangwa aione.

Binamu yangu ni mgumu. Mwaka juzi alirudi kutoka safari ya siku saba akiwa amelipwa pungufu ya alichoahidiwa, na siku tatu kati ya hizo alikula mlo mmoja. Kampuni siitaji, na si yoyote niliyowahi kuiandikia. Wiki mbili baadaye niliyaona maoni ya mgeni wa safari ile ile mtandaoni. Nyota tano. Timu nzima, aliandika, ilikuwa na furaha mpaka siku ya mwisho. Nilimsomea binamu tukiwa kwa mama, Pasua. Akacheka.

"Hajasema uongo," akasema. "Siku ya mwisho tulikuwa na furaha kweli. Tulikuwa tunashuka."

Nikamuuliza kwa nini na yeye asiandike yake. Akanitazama kama mtu anayemwelewesha mtoto.

"Sasa dada, nikiandika mimi nani atanisoma? Na akinisoma, nani atanipa mzigo wiki ijayo?"

Maswali mawili hayo yamenifundisha kuhusu kazi yangu kuliko semina yoyote ya masoko. La kwanza linasema: mimi siyo mtu wa tatu, neno langu halihesabiki. La pili linasema: mimi siwezi kusema hapana. Anayejua amezibwa mdomo na njaa, na asiyejua amepewa kipaza sauti. Kila neno la yule mgeni lilikuwa kweli, na bado maoni yake yalifanya kazi ya kufunika. Mtu wa Toronto akiyasoma ataweka pesa mahali pale pale ambapo binamu yangu alikaa na njaa, huku akiamini amechagua kampuni yenye utu. Huo ndio udanganyifu niliokuwa naulizia pale mwanzo. Haukuhitaji mwongo hata mmoja.

Tiba yake inajulikana, na ipo hapa hapa Moshi. Mradi wa kusaidia wapagazi wa Kilimanjaro, unaojulikana kwa kifupi kama KPAP, ulianzishwa mwaka 2003. Miongoni mwa kazi zake ni kuwauliza wapagazi wenyewe baada ya safari: ulilipwa kiasi gani, ulikula mara ngapi, mzigo wako ulipimwa, ulilala wapi. Katika safari za kampuni zilizo kwenye mpango wake, mpagazi mmojawapo hupewa jukumu la kutoa taarifa ya yaliyotokea. Kampuni ikionekana kwenye orodha ya mpango huo, ina maana kulikuwa na mtu mle ndani, mwenye mzigo kichwani, ambaye angeweza kusema hapana na akasikika. Sisemi mfumo huo hauna kasoro. Nasema umempa hadhi ya ushahidi mtu ambaye London ya mwaka 1849 isingemwita, na ambaye mtandao wa leo bado haumwiti.

Najua pingamizi lililopo, kwa sababu nalisikia kila siku kutoka kwa wenye kampuni ndogo. Watasema: wewe unazungumzia kuruhusu lawama, sisi lawama zinatumaliza. Mgeni analaumu mvua. Mwingine amegeuzwa njiani kwa ugonjwa wa mwinuko, uamuzi uliookoa maisha yake, naye anatoa nyota moja kwa kuwa hakufika kileleni. Mshindani naye anaweza kununua lawama kama anavyonunua sifa. Yote hayo ni kweli. Nyota moja inaweza kuifungia kampuni changa mlango. Lakini kuruhusu lawama si sawa na kuamini kila lawama. Mwonjaji wa kahawa naye hukosea, na mkulima ana haki ya kubisha. Ninachokataa ni ule utaratibu wa kumwomba maoni mgeni aliyeondoka akitabasamu na kumsahau aliyeondoka amenuna. Ukichuja mashahidi mlangoni, ulichobaki nacho ni kioo.

Na kioo hakimsaidii hata mwenyewe. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wahenga hawakusema mgema alikuwa mbaya tangu mwanzo. Alikuwa mzuri, ndiyo maana alisifiwa. Kilichomharibu ni sifa isiyoonja tena. Mlimani nimeona kampuni zilizojengwa kwa jasho na viongozi hodari zikianza kuishi kwa idadi ya nyota, hadi kiongozi anatumia jioni ya mwisho kambini Mweka kuwakumbusha wageni wasisahau kuandika, badala ya kuuliza nani ana malengelenge.

Siku hizi nyota zenyewe zinaweza kutengenezwa bila tembo lolote. Mwaka 2017 mwandishi Oobah Butler wa London aliandikisha kibanda cha bustani alichokuwa akiishi kama mgahawa kwenye TripAdvisor, rafiki zake wakauandikia sifa, na baada ya miezi michache ukawa wa kwanza kati ya migahawa zaidi ya 18,000 ya jiji hilo. Hakukuwa na jiko wala mpishi. Watu walipiga simu wakiomba nafasi.

Sisi Watanzania tumepata neno letu kwa ugonjwa huu, na nadhani ni moja ya maneno sahihi kabisa yaliyozaliwa mitaani: chawa. Chawa anamsifia msanii, mfanyabiashara au kiongozi kwa sababu anaishi kwenye nguo zake. Tunamcheka, lakini neno lenyewe lina hoja. Tatizo la chawa si kwamba anapenda. Mtu anaweza kumpenda kiongozi wake kwa dhati. Tatizo ni kwamba siku akisema hapana, nguo zinafuliwa. Ndiyo maana hata anaposema kweli hatuna namna ya kujua. Balozi wa bidhaa anayelipwa kwa kila posti, akiwa na mkataba unaomkataza kusema kasoro, yuko kwenye nguo hizo hizo hata akiwa na wafuasi milioni.

Lakini nisiwaweke watu wote kwenye fungu la chawa, kwa sababu sifa ya kweli kabisa, isiyolipwa, nayo inaweza kuumiza. Mwaka 2011 magari yalipita Moshi na Arusha usiku na mchana kuelekea Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile. Kikombe cha dawa kilikuwa shilingi 500. Hakukuwa na tangazo lililolipiwa. Kilichowapeleka watu ni ushuhuda: dada wa jirani amepona kisukari, shemeji wa fulani ametembea. Viongozi wa serikali na wa dini walionekana wakinywa, na picha zao zikawa ushuhuda mkubwa kuliko wote. Foleni ikafika kilomita nyingi, na wapo waliofia kwenye foleni hiyo. Wengi waliosimulia walisimulia kwa nia njema walichohisi. Ila hesabu ilikuwa na tundu: aliyehisi nafuu alirudi mtaani akazungumza, na aliyekufa hakurudi kutoa ushuhuda wake. Hapana zilikuwepo. Hazikuwa na pa kusikika. Kwa hiyo ushuhuda ulizidi kukua, huku kila mmoja akiwa amesema lake moja la kweli.

Nikiyaweka yote haya pamoja, naona kwamba tunapotoa sifa hadharani tunakopesha kitu ambacho si chetu peke yetu. Imani ya msomaji wa Toronto haikuwa mali ya yule mgeni, na maisha ya anayeamua kwenda au kutokwenda Loliondo si mali ya shemeji aliyepata nafuu. Kwa hiyo kabla ya kusema "nendeni, ni wazuri," kuna mambo ambayo shahidi anadaiwa. Aseme ameona sehemu gani, na ipi hakuiona. Aseme kama alipewa chochote. Na kama kuna mtu mwingine aliyekuwa ndani zaidi yake, amuulize kwanza, na amuulize mahali ambapo anaweza kujibu bila kupoteza mzigo wa wiki ijayo.

Anayetafuta sifa naye anadaiwa, na hapa nasema na watu wa fani yangu. Kumwomba mteja aeleze alichokiona si dhambi. Ni heshima, kama swali liko wazi pande zote mbili. Nyumbani kwa bibi, mbege haikupitishwa kabla mwenyeji hajainywa mwenyewe mbele ya wageni. Hakuomba waseme ni nzuri. Aliweka tumbo lake rehani, akawapa kata, akanyamaza wakaamua. Kampuni inayothubutu kumuuliza mgeni "nini hakikukaa sawa?" na kumuuliza mgumu swali hilo hilo siku ya malipo, kisha ikaweka majibu yote mawili mahali pamoja, itapata nyota chache kuliko jirani yake. Lakini kila nyota itakuwa na mtu nyuma yake ambaye angeweza kuinyima.

Binamu yangu bado anapanda. Msimu huu yuko na kampuni nyingine, na ananiambia huko wanakula mara tatu. Ukiniuliza kama nakushauri upande na kampuni hiyo, nitakupa namba yake umuulize mwenyewe, jioni, akiwa ameshalipwa.